Uzi: Eti wananchi hawataki usafiri wa pamoja?

1/ Kila msimu wa kampeni tunaambiwa: "Mipango ya usafiri wa pamoja ipo, shida ni wananchi, hawataki mabadiliko." Sisi wa Ndau twacheka tu. Nani huku aliwahi kwenda Lamu kwa gari lake? Hebu turudi nyuma kidogo.

2/ Wazee wetu walipanda mashua moja: watu, mbuzi, boriti, papa mkavu. Ratiba ilikuwa ya pepo na maji. Pale Mkanda, kati ya Manda na bara, chombo kilisubiri maji yajae, na kila mtu akasubiri. Usafiri wa pamoja ni huo.

3/ Nairobi ilipata kampuni ya mabasi 1934, lakini mitaa mingi ya wanyonge haikufikiwa vizuri. Matatu zikaziba pengo. Nauli senti 30, mapeni matatu, ndiyo asili ya jina. Zilikimbizana na sheria hadi 1973, amri ya rais ikaziruhusu. Wananchi walizikataa? Walizijaza!

4/ 1986 serikali ikaleta Nyayo Bus, nauli nafuu. Watu wakapanda. Miaka ya 90 shirika likafa kwa usimamizi mbovu. Abiria walikuwa bado wako stendi.

5/ 2014 ikaja amri ya kulipa kwa kadi. Hapa kweli watu waligoma. Lakini kadi zilikuwa za kampuni tofauti, hii haiingiliani na ile, na makanga anaishi kwa pesa ya mkononi ya siku hiyo. Nani angekubali?

6/ Sasa tazama Dar, 2016. Mabasi ya mwendokasi yalianza Kimara hadi Kivukoni, karibu kabisa na pantoni ya Kigamboni. Ukishuka basi, chombo kiko hapo. Watu waliyakimbilia, mpaka kilio kikawa msongamano na uchache wa mabasi.

7/ Rudi Ndau. Boti siku hizi ina injini, ila bado yafuata maji na yangoja abiria. Basi la Mombasa pale Mokowe lafuata saa. Hakuna anayeunganisha hivi viwili. Ukichelewa, umelala: kitanda, chakula, siku imepotea. Kama una mgonjwa, hesabu mwenyewe.

8/ Na nahodha ana hofu yake pia: huo "mfumo mpya" ukija, njia aliyoihudumia miaka yote atapewa nani? Hofu hiyo si ujinga.

9/ Kwa hiyo mgombea akishuka gatini, muulizeni matatu: Tiketi ya boti na basi itakuwa moja? Boti ikichelewa, hasara ni ya nani? Manahodha waliopo wana nafasi gani?

Na kwenu je, safari hukatikia wapi? Andika hapo chini.