Mzee wa Raundi Mia

Wapendwa, ile karatasi ya ahadi ya matembezi ya hisani mnaijua: jina, namba ya simu, kiasi, sahihi. Siku ikifika mnavaa fulana, mnatembea, mnafika uwanjani, mnapewa maji na picha zinapigwa. Basi, imekwisha. Imekwisha kweli? Hebu niwasimulie habari za mzee mmoja wa Uingereza aliyemaliza matembezi yake kwa siku 11, lakini mambo ya fedha zilizokuja baadaye kwa jina lake yakachukua miaka minne.

Tom Moore alizaliwa Keighley, Yorkshire, tarehe 30 Aprili 1920. Vita vya Pili vya Dunia vilimpeleka India, halafu Burma. Hapo tusikilize vizuri, kwa sababu babu zetu wa KAR nao walikuwa Burma. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, ilishuka bonde la Kabaw mwaka 1944 katika mvua na matope. Moore alikuwa upande wa Arakan. Sehemu tofauti, vita ile ile.

Mwaka 2018 alianguka, akavunjika nyonga, akatibiwa na hospitali za umma. Korona ilipofungia watu ndani, tarehe 6 Aprili 2020 alianza kutembea uani kwao, kijiji cha Marston Moretaine, akishikilia kigari chake cha magurudumu. Raundi moja mita 25. Alitaka amalize raundi 100 kabla hajatimiza miaka 100, na apate pauni 1,000 za kuwasaidia wahudumu wa afya.

Piga hesabu, ndugu yangu: raundi 100 ni kilomita mbili na nusu tu! Wapo kati yenu wanaotembea zaidi ya hapo kila Jumapili kuja ibadani, na hakuna anayewachangia hata senti. Lakini kwa nyonga ile, na umri ule, kila raundi ilikuwa safari.

Alimaliza tarehe 16 Aprili, wanajeshi wamejipanga kumpa heshima, televisheni ikirusha moja kwa moja. Siku hiyo mchango ulikuwa umeshapita pauni milioni 12. Ulipofungwa, baada ya birthday yake, ulikuwa zaidi ya milioni 32, kutoka kwa watu zaidi ya milioni moja na nusu. Yaani wastani wa pauni 21 hivi kwa mtu. Si matajiri waliofanya kazi ile. Julai Malkia akampa cheo cha Sir. Alifariki tarehe 2 Februari 2021, akiwa na korona.

Sasa fedha. Zile za matembezi hazikupita mfukoni mwa mzee wala wa familia. Zilikwenda NHS Charities Together, umoja wa mifuko ya hisani ya hospitali, na pamoja na nyongeza ya kodi zilikaribia milioni 39. Zikagawiwa kwa mifuko ya hospitali nchi nzima, mahali pengine zikawa vyumba vya kupumzikia wauguzi na huduma za ushauri nasaha. Hapo hakuna aliyenyooshewa kidole.

Tatizo lilikuja na mfuko wa pili, ulioanzishwa na familia mwaka huohuo kwa jina la mzee. Tume inayosimamia mashirika ya hisani huko ilichunguza, na Novemba 2024 ikatoa ripoti: binti yake na mumewe walichanganya mara kwa mara maslahi yao na ya mfuko. Wanunuzi wa kitabu cha mzee waliaminishwa kwamba wanasaidia mfuko, kumbe malipo ya karibu pauni milioni 1.5 ya mkataba wa vitabu yalikwenda kwenye kampuni ya familia. Wote wawili walikuwa wameshapigwa marufuku kusimamia shirika lolote la hisani, mmoja miaka 10, mwingine minane. Wenyewe walikana kufanya kosa.

Ona tofauti. Mchango wa kwanza ulikuwa na mpokeaji anayejulikana kabla mzee hajainua mguu. Wa pili ulikuwa na jina zuri, na wanaolisimamia jina hilo ndio hao hao waliokuwa wakilipwa kwalo. Hata kibali cha jengo pale nyumbani kiliombwa kwa jina la mfuko. Likajengwa kubwa kuliko kibali, na ndani likawekwa bwawa la kuogea. Mapema 2024 lilibomolewa.