Bwawa la Jinja na Amana ya Maji

Twapenda kuwakumbusha ndugu zetu wa Nabuyonga na Mbale yote khabari ya kazi kubwa iliyofanyika kwa jirani zetu wa Jinja. Kwani mwenye nia ya kujenga hana budi kuwatazama waliojenga kabla yake.

Halmashauri ya Umeme ya Uganda iliundwa mwaka 1948, na baadaye kazi ya kuuziba mto Nile penye maporomoko ya Owen ikaanza. Tarehe 29 Aprili 1954 Malkia Elizabeth wa Uingereza alilifungua bwawa lenyewe, ambalo leo huitwa Nalubaale.

Tuanze na vyombo. Nchi yetu haina pwani. Mitambo iliteremshwa Mombasa ikaja kwa reli, safari ndefu ya kupanda bara. Katika kazi ya namna hiyo chombo kimoja kikichelewa mafundi hukaa bure, na mshahara wao haungoji. Kwa hiyo waliopanga walitenda kwa busara: ukuta wa zege waliujenga na nafasi za mitambo kumi, lakini hawakuifunga yote kwa pamoja. Iliongezwa kadiri haja ilivyokua, hata wa kumi ukatimia mwaka 1968. Msingi walijenga wa kesho, gharama wakalipa za leo.

Ama watu, walikuwako wahandisi na mafundi wa Kizungu, Wahindi, na Waafrika wa makabila mengi waliotoka mbali kutafuta riziki. Mji ulipofurika ilibidi zijengwe nyumba, kama zile za Walukuba, maana asiye na pa kulala hawezi kudumu kazini. Wakubwa wametajwa vitabuni. Waliobeba zege mabegani hatuwasikii wakitajwa, na bila wao ukuta usingalisimama.

Na maji? Hayo ndiyo amana kubwa kuliko zote. Kwa mapatano na Misri, yaliyoanza mwaka 1949, maji ya kufunguliwa yalipimwa kwa kadiri ya kina cha ziwa. Bwawa la pili, Kiira, likaanza kazi mwaka 2000. Ukame ulipokuja, maji yalifunguliwa kupita kipimo. Ziwa likapungua sana, likazidi kushuka hata mwaka 2006, na umeme wenyewe ukawa haba, miji ikakaa gizani. Kumbe mitambo haikuwa na kosa, wala mvua peke yake haiwezi kulaumiwa: kipimo kiliachwa.

Basi, ndugu, yatupasa tuzingatie. Tukijenga madrasa, kisima au msikiti, tuhesabu kila mfuko wa saruji, tumlipe kibarua ujira wake kabla jasho lake halijakauka, wala tusitumie leo akiba ya kesho. Mali ya jamaa ni kama lile ziwa: huonekana haliishi, mpaka siku ufuko uonekanapo.