Ndege za Maboya na Umbali wa Maziwa

Msomaji wa Afrika Mashariki asikiapo habari ya ndege ya majini, yamkini fikira zake huelekea kwenye zile mashua kubwa zirukazo za Imperial Airways, ambazo tangu mwaka 1937 zilitua Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi katika safari ya Durban. Zile zilichukua barua na abiria wenye fedha, na tumbo lake lenyewe ndilo lililoelea. Ninayotaka kuieleza hapa ni ndugu yake mdogo: ndege ya kawaida iliyovuliwa magurudumu ikavishwa maboya mawili marefu, kila moja mfano wa mtumbwi uliofunikwa juu. Hii haihitaji bandari. Fahari yake ni kutua pasipo na gati wala mtu wa kuipokea.

Asili yake ni Ufaransa. Tarehe 28 Machi 1910, Henri Fabre aliinuka kutoka katika maji ya Étang de Berre, karibu na Marseille, akaruka kiasi cha nusu kilometa. Mwaka uliofuata Glenn Curtiss alifanya vivyo hivyo San Diego, Marekani. Majeshi yakaitwaa kazi hiyo upesi, lakini makao yake ya kudumu yamekuwa Kanada na Alaska, nchi zenye maziwa mengi na barabara chache. Tarehe 16 Agosti 1947 kampuni ya de Havilland Canada iliirusha kwa mara ya kwanza ndege iitwayo Beaver, yenye injini moja ya nguvu za farasi 450. Zaidi ya 1,600 zilitengenezwa kabla ya kazi hiyo kukoma mwaka 1967, na hata leo zingali zikiruka, nyingine zikiwa na umri mkubwa kuliko marubani wake.

Tuitazame siku moja ya kiangazi Alaska. Pale Anchorage kuna Lake Hood, kituo cha ndege za majini kisicho na mfano duniani kwa wingi wa safari, na wengi wanaoondoka pale hawana kazi ya kufanya huko waendako: wanakwenda kuvua samaki, kupika chai ufukoni, kisha kurudi. Siku huanza kwa shughuli isiyo na fahari, nayo ni kupiga pampu. Boya limegawanywa vyumba, na maji hupenya humo usiku, kwa hiyo kila chumba hukaushwa kwanza, kama baharia akaushavyo ngama. Ndege hii haina breki majini. Injini ikiwaka, chombo kinakwenda. Hivyo upepo husomwa kabla ya kamba kufunguliwa.

Hapa ndipo mgeni hushangaa. Maji yaliyotulia kama kioo, ambayo mvuvi wa ngalawa angemshukuru Mungu kwa ajili yake, ni adui wa rubani. Wakati wa kuruka maji hayo hushika maboya yasibanduke. Viwimbi vidogo ndivyo vyenye kuyaachilia. Wakati wa kutua huwa hatari zaidi, maana jicho haliwezi kupambanua uso wa maji na mbingu iliyomo ndani yake. Rubani mwenye maarifa huandama ukingo wa ziwa, apate kitu cha kulinganisha, hushuka polepole kwa mwendo usiobadilika, na kungoja maji yenyewe yamguse.

Ziwa la mlimani lina hila nyingine. Hewa ya juu ni nyepesi, na siku ya jua kali huzidi wepesi. Mabawa hubeba kidogo na injini hupungukiwa nguvu. Ndege iliyoingia kwa urahisi yaweza kushindwa kutoka. Urefu wa ziwa na kimo cha mlima ulio mwisho wake hupimwa kabla ya kutua. Baada ya hapo hesabu haina faida.

Lakini swali kubwa la historia hii ni nani mwenye haki ya kufika. Katika mji wa Ely, Minnesota, nchi ya maziwa isiyo na milima mikubwa, baada ya Vita Kuu ya Pili wavuvi wa starehe walisafirishwa kwa ndege hadi hoteli za msituni. Mahali palipofikiwa zamani kwa siku kadhaa za makasia, na za kubeba mtumbwi mabegani, pakawa pa kufikiwa kabla ya chakula cha mchana. Mwandishi Sigurd Olson alikuwa mbele katika kulipinga jambo hilo, na tarehe 17 Desemba 1949 Rais Truman alitoa amri ya kukataza ndege kuruka chini ya futi 4,000 kutoka usawa wa bahari juu ya sehemu zile. Wenye hoteli walikwenda mahakamani, na mwaka 1953 rufani yao ikashindwa. Kwangu mimi amri ile ilikuwa njema kwa msitu. Lakini tusifiche kwamba watu wenye ardhi yao halali walifungiwa njia waliyoitegemea.

Alaska walichagua kinyume. Sheria iliyotiwa sahihi na Rais Carter tarehe 2 Desemba 1980 ilitenga mbuga kubwa, miongoni mwake Lake Clark, na papo hapo ikaruhusu ndege kwa shughuli za jadi na kwa safari za vijijini. Ndani ya mbuga hiyo, kando ya Twin Lakes, alikaa Richard Proenneke, aliyejijengea kibanda cha magogo kwa mikono yake mwaka 1968 akaishi humo kwa miaka karibu 30. Husifiwa kwa upweke wake, na ni haki. Ila mahitaji na barua zake zililetwa na rubani Babe Alsworth, aliyetua ziwani kwa maboya. Upweke ule ulikuwa na mlishaji.

Tena neno "mbali" lataka kuulizwa: mbali na nani? Wadena'ina waliliita Lake Clark Qizhjeh Vena, ziwa wakutanapo watu. Kijiji chao cha Kijik kilihamwa mwanzoni mwa karne ya 20, baada ya maradhi ya kigeni kuwapunguza. Ukimya anaoufurahia rubani wa starehe haukuwako pale tangu awali.

Wala ndege haiji mikono mitupu. Mwaka 2015 gugu-maji la elodea lilionekana katika Lake Hood yenyewe, na watu wa Ziwa Victoria hawahitaji kuelezwa maana ya habari hiyo. Kipande kidogo cha shina chaweza kunasa katika usukani wa boya, kikasafiri hadi ziwa lisilofikiwa na barabara, kikaota huko. Kwa hiyo siku hizi rubani, akiisha kupiga pampu, huinama tena ubavuni mwa ndege yake na kupapasa usukani kwa vidole, akitafuta jani.