Pigano la saa kumi alfajiri

Kwa nini Muhammad Ali na George Foreman walipigana Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, saa kumi alfajiri? Saa hiyo haikuchaguliwa kwa ajili ya Wazaire waliojaa uwanjani. New York ilikuwa saa nne usiku, na Wamarekani walikuwa wamelipa tiketi kutazama pigano katika kumbi za sinema. Mobutu, akitafuta sifa, alimhakikishia kila bondia dola milioni 5. Ali (nakiri, nampenda hata leo) alimwangusha Foreman katika raundi ya nane, na jina la Zaire likasikika kweli. Lakini mwaka uleule bei ya shaba, iliyochimbwa hapa kwetu na kuilisha hazina ya nchi, ilianza kuporomoka.