Majina ya Njia ya Marangu

Kati ya njia zinazopanda Mlima Kilimanjaro, ya Marangu ndiyo pekee ambayo mgeni hulala ndani ya vibanda vya mbao badala ya hema. Kwa sababu hiyo, na kwa kuwa mwinuko wake wa siku za mwanzo ni wa kubembeleza, wenye kazi ya kupandisha wageni wameibatiza njia ya Coca-Cola, na ile ya Machame wakaiita ya Whiskey. Jina lina dharau kidogo, na wanaoidharau njia hii hurudi kwa machela kila msimu. Langoni, mwongozaji huwatajia wageni wake safari nzima kama konda anayetaja vituo: Mandara, Horombo, Kibo, Gillman, Uhuru. Wageni huitikia kwa vichwa. Ni wachache wanaouliza majina hayo yalitoka wapi, na nadhani hilo ni hasara, maana katika majina hayo matano imo karibu historia yote ya karne mbili za mlima huu.

Tuanze na Mandara, kwa kuwa ndiko kwa kulala usiku wa kwanza, mita 2,720 juu ya usawa wa bahari. Mandara alikuwa mtu, na jina lake la kwao lilikuwa Rindi, Mangi, yaani mtawala wa Kichaga, wa Moshi, ile tunayoiita leo Old Moshi. Misafara ya pwani ilimjua kwa jina la Mandara, na alijua kuzungumza nayo. Wakati mmisionari Mjerumani Rebmann anafika Uchagani mwaka 1848, akiongozwa na Bwana Kheri kutoka pwani ya Mombasa, na kuona theluji tarehe 11 Mei, Rindi hakuwa bado na sauti. Habari ya theluji ilipofika London, William Desborough Cooley, mtaalamu wa jiografia ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, aliikejeli kwa miaka mingi. Mjerumani von der Decken alikuja mwaka 1861, akarudi 1862 na kupanda hadi kama mita 4,200. Kisha mwaka 1871 akaja Charles New, mmisionari Mwingereza, aliyeomba ruhusa kwa Mandara, akapanda kutokea Moshi hadi akaigusa theluji. Aliporudi mara ya pili, Mandara alimpokonya mali zake, na mmisionari huyo akafa njiani akirejea pwani. Mangi alikuwa amekwisha kujua kwamba mlima una wateja.

Ila Mandara alikuwa wa Moshi. Njia hii ni ya Marangu, na katika karne ya 19 Moshi na Marangu zilikuwa nchi mbili zenye wafalme wawili, zikishindania ng'ombe, pembe za ndovu na upendeleo wa wageni.

Mwenye njia alikuwa Mangi Marealle. Alikuwa kijana Hans Meyer alipompitia kwa mara ya kwanza mwaka 1887. Meyer, mtoto wa tajiri wa uchapishaji wa Leipzig, alipanda mwaka huo hadi barafu ikamzuia. Mwaka uliofuata hata mlima hakuuona: vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani vilikuwa vimewaka pwani, akakamatwa pamoja na mwenzake Oscar Baumann, wakafungwa minyororo hadi fidia ilipolipwa. Mwaka 1889 akarudi kwa Marealle, safari hii akiwa na Ludwig Purtscheller, mpanda milima kutoka Austria, na akiwa na jambo la maana kuliko shoka la barafu. Alikuwa amegundua kwamba waliomtangulia hawakushindwa na mlima. Walishindwa na njaa.

Kwa hiyo alipanga kambi. Marangu ilikuwa ghala. Kambi nyingine iliwekwa juu ya msitu, na nyingine kwenye mita kama 4,300, na kati yake watu wakapanda na kushuka kila baada ya siku chache wakibeba chakula na kuni. Mtu wa Pangani aitwaye Mwini Amani alibaki katika kambi ya juu kwenye baridi ile, akilinda moto na hema, wakati Wazungu wawili wakijaribu barafu. Tarehe 3 Oktoba walifika ukingo wa kreta, wakaona kilele kiko ng'ambo, wakarudi kulala. Tarehe 6, siku ambayo Purtscheller alikuwa akitimiza miaka 40, walisimama juu kabisa. Meyer akapaita Kaiser-Wilhelm-Spitze, akachukua jiwe la kileleni, akampelekea mfalme wake, nalo likapachikwa ukutani katika kasri la Potsdam.

Anayepanda leo anatembea ndani ya mpango ule ule. Mandara, Horombo na Kibo ni wazo la kambi za Meyer lililowekewa paa. Sisemi hivyo kumsifu. Mpango ule ulisimama juu ya vichwa na mabega ya watu, na hapo ndipo penye ubishi ambao Marangu haujaisha. Wenyeji wanamtaja Yohani Kinyala Lauwo kuwa ndiye aliyemwongoza Meyer. Mzee Lauwo aliheshimiwa rasmi mwaka 1989, mlima ulipotimiza miaka mia tangu kupandwa, akafariki mwaka 1996. Familia yake ilihesabu kwamba alikuwa amepita miaka 120. Kitabu cha Meyer kinasema kileleni walikuwa wawili tu. Kwa maoni yangu ubishi wa nani alikanyaga kilele umewekwa mahali pasipo pake. Bila waliopandisha kuni hadi mita 4,300, asingekuwapo mtu wa kukanyaga chochote.

Tuendelee hadi Horombo, mita 3,720. Hapa msitu umekwisha, miti ya senesio imesimama na mashina yake yaliyovaa majani makavu, na wengi hulala siku mbili ili mwili uzoee hewa nyembamba. Horombo alikuwa Mangi wa Keni, Rombo, mwanzoni mwa karne ya 19. Alijenga ngome za mawe na kuwatiisha majirani zake hadi akakaribia kuwa mtawala wa Uchaga wote wa mashariki, kisha akauawa katika vita na Wamasai. Naye hakuwa wa Marangu.

Kabla ya kuitwa Horombo, kibanda hiki kiliitwa cha Peters. Mandara kiliitwa cha Bismarck. Vilijengwa na Wajerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na jina la Peters linastahili kusimamiwa kidogo. Carl Peters aliwekwa na serikali yake kuwa mkuu wa eneo la Kilimanjaro mwaka 1891, akajenga kituo chake papo hapo Marangu. Alimnyonga mtumishi wake Mabruk, na baadaye msichana Jagodja aliyekuwa amemfanya hawara. Watu wakamwita Mkono wa Damu. Hata Ujerumani yenyewe iliona haya: alifukuzwa kazi mwaka 1897. Hata hivyo, baadaye wapanda milima waliona jina lake linafaa kuwekwa mlangoni mwa nyumba ya kupumzikia, na likakaa hapo utawala wote wa Waingereza, hadi Tanganyika ilipokuwa huru.

Sasa mtu atauliza: kama majina ya Wajerumani yalifutwa, mbona Marealle hakupewa kibanda? Nadhani jibu liko Old Moshi. Tarehe 2 Machi 1900, Mangi Meli, mwana wa Rindi, aliyekuwa amewapiga Wajerumani mwaka 1892, alinyongwa pamoja na viongozi wengine wa Kichaga, akiwamo Mangi Molelia wa Kibosho. Kichwa chake kinatafutwa Ujerumani hadi leo. Aliyetoa amri ni Kapteni Johannes, mkuu wa boma la Moshi, na wengi Uchagani walimnyoshea Marealle kidole kwamba ndiye aliyepeleka maneno. Mwaka 1904 Marealle mwenyewe aliihofia serikali aliyoitumikia, akakimbilia upande wa Waingereza, Kenya. Taifa changa lililokuwa likichagua mashujaa lilikuwa na sababu ya kumpita. Ndiyo maana njia ya Marangu ina majina ya mangi wa Moshi na wa Keni, na la mangi aliyeifungua halimo.

La kushangaza ni kwamba kazi ya kubadili majina ilipanda hadi Horombo, ikachoka. Juu ya kibanda cha Kibo, mita 4,720, ambako wageni huamshwa karibu na usiku wa manane kupanda changarawe inayorudisha mguu nyuma, ramani bado ni ya wageni. Kuna pango la Hans Meyer. Kuna Gillman's Point, kwa jina la mhandisi wa reli aliyefika ukingoni mwaka 1921. Kuna Stella Point, kwa jina la Stella Latham, aliyefika hapo na mumewe mwaka 1925. Na karibu na Gillman kuna pengo liitwalo Johannes Notch, ukumbusho wa kapteni yule yule wa 1900, aliyefika ukingo wa kreta mwaka 1898. Wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, wanalipita alfajiri, baadhi yao wajukuu wa Old Moshi. Kama kuna jina moja ningeanza nalo kesho asubuhi, ni hilo.

Ila kilele chenyewe kilibadilishwa jina. Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera na Mwenge, na mita 5,895 za Kaiser Wilhelm zikawa Uhuru.

Hifadhi ya Taifa ilitangazwa mwaka 1973 na kufunguliwa rasmi 1977. Mpaka wake ulipita karibu mita 2,700, yaani jirani na Mandara. Msitu wa chini ulibaki chini ya idara ya misitu, na ukingoni mwake kulikuwa na ukanda wa nusu maili uliotengwa tangu 1941 ili Wachaga wapate kuni, majani na mbao. Mwaka 2005 msitu wote ukaingizwa hifadhini. Kiikolojia hatua hiyo ina utetezi mzuri, maana maji ya mifongo, ile mifereji ya Wachaga, na ya mito hadi Pangani hutoka humo. Lakini mwanamke wa kijiji cha juu anayekata majani ya ng'ombe aliamka na kukuta shamba la bibi yake limekuwa mali ya KINAPA, mamlaka ya hifadhi, na kesi zake za kukamatwa na kunyang'anywa panga hazisimuliwi kwenye vipeperushi vya utalii.

Vibanda vya sasa, vyenye paa linaloshuka hadi karibu na ardhi, vilijengwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Norwei. Moto wa Oktoba 2020 ulianzia Whona, kituo cha kupumzikia kati ya Mandara na Horombo, ukateketeza eneo kubwa la vichaka. Mwaka 2022 intaneti ilifika Horombo, na sasa mgeni hutuma picha kabla hajavua viatu.

Wagumu nao wana mizani langoni: mzigo hauruhusiwi kuzidi kilo 20, sheria iliyopatikana baada ya kelele za miaka mingi, na ambayo baadhi ya makampuni huikwepa kwa kumpa mtu mzigo wa ziada akishapita kona. Mgeni aliyefika juu hupewa cheti chenye jina lake na jina la mwongozaji wake. Waliobeba gesi na mayai hawamo kwenye karatasi hiyo.