Nembo ya Wamakonde: Kutoka Ngozini Hadi Mtini

Mwaka 1906 mtaalamu wa Kijerumani, Karl Weule, alipita Masasi, kisha akapanda uwanda wa Makonde hadi Newala, akikusanya vinyago kwa ajili ya jumba la makumbusho la Leipzig. Wanawake aliowakuta huko walijifunga nguo za pamba zilizotoka pwani. Lakini vazi lililowatambulisha halikuwa nguo. Lilikuwa ndonya katika mdomo wa juu, na nembo zilizochanjwa usoni na mwilini. Mchanjaji alikuwa msanii, na ngozi ndiyo kitambaa chake.

Mchonga vinyago alimfuata mchanjaji. Alichonga uso wa mti, akautia ndonya na kufuatisha mistari ya nembo. Pengine alichonga kiwiliwili cha mwanamke mjamzito pamoja na chale zake, naye mwanamume akakivaa na kukicheza ngomani.

Karne ya ishirini ilipoendelea, mabinti waliacha ndonya na chale. Si haki kuwalaumu, kwa kuwa chale ziliuma, na mwili ulikuwa wao. Walakini kilichoondoka ngozini kilibaki mtini: wachongaji wa mpingo waliendelea kuwachonga bibi zao wakiwa na ndonya mdomoni.

Wala lugha haikusahau. Nembo, iliyokuwa alama ya kabila mwilini, leo ni jina la ngao ya taifa la Tanzania. Kazi yake ni ile ile: kumjulisha mgeni, kabla hajauliza, kwamba huyu ni wa wapi.