Kutoka Kizuizini Hadi Kliniki: Uuguzi wa Maradhi ya Akili Thika na Ruiru

Msafiri atokaye Thika, akaipita Ruiru na kuelekea Nairobi, kabla hajaingia mjini huikuta kando ya barabara kuu Hospitali ya Mathari, ambayo kwa zaidi ya karne moja imekuwa kimbilio, na kwa wengi kitisho, cha watu wa Kenya waliopatwa na maradhi ya akili. Ilianzishwa mwaka 1910 katika majengo yaliyokuwa ya kuwatenga wagonjwa wa ndui, na jina la Mathari ikalipata mwaka 1924.

Zama hizo za ukoloni uuguzi na ulinzi vilikuwa kitu kimoja. Sheria iliyotumika iliazimwa India, nayo ni ya mwaka 1858, ikampa hakimu mamlaka ya kumtia mwendawazimu kizuizini. Basi kibarua wa mashamba ya kahawa ya Ruiru au ya mkonge ya Thika, lau angerukwa na akili mbali na jamaa zake, aghalabu angekutana na askari kabla ya kukutana na tabibu. Ndani ya kuta, Mzungu, Mhindi na Mwafrika walilazwa mbalimbali, na Mwafrika ndiye aliyepewa sehemu iliyo duni. Daktari J. C. Carothers, aliyekabidhiwa Mathari mwaka 1938 pasipo elimu makhsusi ya maradhi hayo, aliandika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, akidai kuwa ubongo wa Mwafrika una kasoro. Na mwaka uliofuata, alipotakiwa na serikali aeleze maasi ya Mau Mau, chanzo chake alikitafuta katika nafsi za Wakikuyu zaidi ya katika ardhi waliyonyang'anywa. Wanazuoni waliokuja baadaye waliyabatilisha madai yake.

Mageuzi yaliletwa na mambo mawili: dawa mpya za miaka ya 1950, na wauguzi waliofundishwa Mathari kisha wakatawanywa katika hospitali za mikoa na wilaya. Katika kliniki ya maradhi ya akili, kama ile ya hospitali kuu ya Thika, mgonjwa aliyepona kiasi cha kurejea kazini huja takriban kila mwezi kudungwa sindano ya flufenazini, dawa iliyochanganywa na mafuta, ambayo muuguzi huiingiza ndani kabisa ya msuli wa tako ili iingie damuni polepole kwa wiki kadhaa. Walakini sindano ndiyo sehemu fupi ya kazi. Kwanza muuguzi huuliza mgonjwa analalaje, anakulaje, na sauti alizokuwa akizisikia zingalipo au zimenyamaza. Kisha humgeukia mama au ndugu aliyemsindikiza, kwa kuwa huyo ndiye ajuaye yanayotendeka nyumbani usiku.

Kwa mtoto kazi ni ngumu zaidi, maana mtoto hana maneno ya kulieleza jambo linalomsumbua. Muuguzi humpa karatasi achore, humtazama anavyocheza, na humhoji mzazi juu ya uzazi, degedege, na siku mtoto alipoanza kuikataa shule. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989 ilimruhusu mzazi au mlezi kumwombea kwa maandishi mtoto aliye chini ya miaka 16 apokewe hospitalini kwa hiari, asipitie kwa polisi wala hakimu.

Tangu mwaka 2013 huduma hizi zimo mikononi mwa kaunti. Mwaka 2020 jopo lililoongozwa na Daktari Frank Njenga liliishauri serikali iyatangaze maradhi ya akili kuwa janga la taifa. Mwaka 2022 sheria ikarekebishwa na kuzibebesha kaunti wajibu wa huduma hizo. Na Januari 2025 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha katiba.

Sheria, basi, imekwenda mbele, lakini sheria haidungi sindano wala haimsikilizi mtoto. Insafu inaitaka Kaunti ya Kiambu iwaajiri wauguzi wa fani hii wa kutosha, Thika na Ruiru kadhalika. Na wewe msomaji, uonapo jamaa yako amebadilika tabia, halali wala hali, usimfiche kwa kuogopa fedheha: mpeleke kliniki mapema.